Kucheua hasira: Maswali ya kuuliza kabla hujaamini alama za dodoso la mwanao

Mzazi, chukulia mwanao wa miaka 16 amerudi nyumbani na karatasi aliyopewa na mshauri wa shule. Ina sentensi 19 kuhusu hasira, na mbele ya kila sentensi kuna namba 1 hadi 4 za kuzungushia duara. Chini imeandikwa jumla, 58, na pembeni kuna maneno ya kalamu nyekundu: "Ana tatizo la hasira."

Utaifanyia nini hiyo 58? Wapo watakaomgombeza mtoto papo hapo, na hivyo kumwongezea hasira. Wapo watakaokimbilia duka la dawa kuulizia "kitu cha kumtuliza". Wengine wataichana karatasi na kusema mtoto wao hana wazimu. Kabla ya kufanya lolote kati ya hayo, kuna swali ambalo kila mzazi na kila mgonjwa ana haki ya kuuliza: nani alithibitisha kwamba maswali haya, kwa lugha hii, yanapima hasira kweli?

Swali hilo ni zito. Mtoto akipachikwa jina la "mwenye hasira" kwa sababu ya karatasi isiyofaa, jina hilo litamfuata darasa hadi darasa. Na mtoto anayeumia kimya akipita kwenye karatasi hiyo bila kuonekana, tutakuja kushtuka baadaye. Wiki hii nitalijibu kwa mfano kutoka Iran, ambako dodoso la hasira lilihamishwa kwenda Kiajemi na kujaribiwa kwa wanafunzi. Ukiielewa kazi hiyo, utajua la kuuliza hapa nyumbani.

Hasira haina kipimo cha damu

Presha tunaipima kwa mashine. Sukari tunaipima kwa tone la damu kidoleni. Hasira haina mashine wala maabara, kwa hiyo tunalazimika kumuuliza mwenyewe. Lakini kila daktari akiuliza kwa namna yake, wa asubuhi atapata jibu moja na wa jioni lingine. Ndiyo maana wanasaikolojia walitunga madodoso: maswali yale yale, kwa mpangilio ule ule, na majibu yanayogeuzwa kuwa namba.

Yapo mengi, na hayapimi kitu kimoja. Dodoso la Charles Spielberger wa Marekani linatenganisha hasira uliyonayo sasa hivi na tabia ya kukasirika upesi. Lile la Arnold Buss na Mark Perry, lililotoka mwaka 1992, lina sentensi 29 zinazogusa ugomvi wa mwili, ugomvi wa maneno, hasira na uhasama. Kwa hiyo mtu akikuambia "amepimwa hasira", bado hajakuambia amepimwa nini.

Ninalotaka kulizungumzia lilitungwa mwaka 2001 na Denis Sukhodolsky, Arthur Golub na Erin Cromwell, nalo halihusu kulipuka kwa hasira. Linahusu kile kinachoendelea kichwani baada ya ugomvi kwisha. Ng'ombe akishakula hulala chini ya mti na kuanza kucheua: chakula kilichokwisha kumezwa kinarudi mdomoni na kutafunwa upya. Wapo watu wanaofanya hivyo na maudhi yao. Na Waajemi, walipolipokea dodoso hili, walitumia picha hiyo hiyo. Wanaita jambo hili noshkhar-e khashm, yaani kucheua hasira.

Dodoso hilo lina sentensi 19 zilizogawanyika katika makundi manne. Kundi la kwanza linahusu fikra zinazomrudia mtu baada ya tukio, kama kijana anayelala huku akijibizana kichwani na mwalimu aliyemfokea mchana. La pili linahusu mawazo ya kulipiza kisasi. La tatu linahusu kumbukumbu za zamani, kama mtu mzima ambaye bado anaumwa na dharau aliyofanyiwa akiwa darasa la tano. La nne linahusu kutaka kuelewa sababu: kwa nini alinifanyia vile? Kila sentensi hujibiwa kwa namba kuanzia 1, karibu sijawahi, hadi 4, karibu kila wakati. Jumla ya chini kabisa ni 19 na ya juu kabisa ni 76.

Anayelipuka hutuonyesha hasira yake. Anayecheua hatuonyeshi. Huyu wa pili ndiye ambaye mzazi husema, "Mtoto wangu ni mpole sana," mpaka siku yanapotokea ya kutokea.

Kucheua kuna madhara mwilini pia. Tafiti zimeonyesha kwamba mtu aliyekasirishwa akiendelea kuliwaza jambo lile, presha yake huchelewa kushuka kuliko ya mtu aliyepata kitu kingine cha kumshughulisha. Na ule ushauri wa "toa hasira zako, piga mto, piga ukuta" haufai. Mwaka 2002 Brad Bushman wa Marekani alichapisha jaribio la wanafunzi 600 wa chuo kikuu waliokasirishwa makusudi. Waliopewa mfuko wa mazoezi ya ngumi waupige huku wakimfikiria aliyewaudhi walibaki na hasira kuliko wenzao. Waliokaa kimya bila kupiga chochote walitulia zaidi.

Safari ya kwenda Kiajemi

Sasa, dodoso limetungwa kwa Kiingereza na kujaribiwa kwa wanafunzi wa vyuo vya Marekani. Daktari wa Tehran analitaka. Je, haitoshi kumpa mtu anayejua lugha zote mbili alitafsiri jioni moja?

Haitoshi, na Kiajemi kinatuonyesha sababu. Kipo kwanza khashm, neno la hasira lililozoeleka vitabuni. Kipo ghazab, ndugu wa ghadhabu yetu, maana yote mawili yametoka Kiarabu. Kipo asabani, neno la mazungumzo ya kila siku kwa mtu aliyekasirika, lenye asili katika neno la Kiarabu la neva. Na kipo narahat. Hilo lisikilize vizuri: "na" ni kukanusha, na "rahat" ni ndugu wa raha yetu. Narahat ni mtu asiye na raha. Anaweza kuwa amekasirika, amehuzunika, ameudhika au ana wasiwasi. Mwanafunzi akiulizwa kama yu narahat akajibu ndiyo, umepima hasira au huzuni?

Halafu ipo mila ya ghahr. Mtu aliyeumizwa na ndugu au rafiki huacha kusema naye, naye husubiri aje kutafuta upatanisho, ambao huitwa ashti. Sisi tunalo neno lake: kususa. Fikiria dodoso linalouliza tu kama unapiga kelele, unatukana au unabamiza milango. Msusaji atapata alama ndogo kabisa, ingawa nyumba nzima inajua amekasirika.

Kuna na taarof, ule utaratibu wa adabu na unyenyekevu wa Wairani katika mazungumzo. Mtu aliyelelewa kutanguliza heshima anaweza kusita kuandika kwamba huwaza kumlipiza kisasi mkubwa wake. Mtafiti lazima alifikirie hilo kabla ya kufurahia alama ndogo.

Kwa hiyo kazi ya kuhamisha dodoso ina hatua zake. Kwanza watu wanaojua lugha zote mbili hulitafsiri. Kisha mtu mwingine, ambaye hajaliona la Kiingereza, huirudisha tafsiri ile kwenye Kiingereza. Matoleo mawili ya Kiingereza hulinganishwa, na pale yanapopishana, tatizo limeonekana. Wataalamu hukaa na kurekebisha, halafu watu wachache wa kawaida husomewa sentensi na kuulizwa: wewe hapa umeelewa nini? Baada ya hapo ndipo dodoso hupelekwa kwa watu wengi.

Majibu yakirudi, watafiti huangalia mambo matatu.

La kwanza ni uthabiti. Sentensi zinazodai kupima kitu kimoja zinapaswa kukubaliana, na mtu yule yule akijaza tena baada ya wiki kadhaa, majibu yasiwe mbali sana na ya awali. Makubaliano ya sentensi hupimwa kwa kipimo cha Lee Cronbach cha mwaka 1951, ambacho mara nyingi huanzia 0 hadi 1, na wengi hutaka kifike angalau 0.70.

La pili ni ukweli wa kipimo, nao ni tofauti na uthabiti. Mizani ya duka iliyochezewa inaweza kukupa gramu 900 kila unapoomba kilo. Ni thabiti, haibadiliki, na inakuibia kila siku. Dodoso nalo linaweza kutoa majibu thabiti ya kitu kisichokusudiwa. Kwa hiyo alama zake hulinganishwa na vipimo vingine. Anayecheua hasira sana anatarajiwa kuwa na alama kubwa pia kwenye vipimo vya hasira na uhasama, na ndogo kwenye vipimo vya kusamehe. Isipokuwa hivyo, kuna kasoro.

La tatu ni makundi. Je, sentensi za kisasi zinakwenda pamoja katika Kiajemi kama zilivyokwenda katika Kiingereza? Au kumbukumbu na kisasi vimechanganyika kuwa kitu kimoja? Wakichanganya, huwezi kusema "mwanao ana mawazo mengi ya kisasi", kwa sababu katika lugha hiyo dodoso halikuyatenganisha.

Mwanasaikolojia Mohammad Ali Besharat wa Chuo Kikuu cha Tehran aliifanya kazi hiyo kwa dodoso hili la kucheua hasira, akitumia wanafunzi wa Iran. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011 katika jarida la Psychological Reports, nayo yaliunga mkono matumizi ya tafsiri ya Kiajemi. Miaka 10 ilikuwa imepita tangu dodoso la kwanza litoke.

Kwa nini wanafunzi?

Utagundua kwamba Marekani walitumia wanafunzi, na Iran pia wanafunzi. Sababu ni nyepesi: wapo wengi mahali pamoja, wanajua kusoma, na wanapatikana. Wana hasira zao vilevile. Wengi wametoka kwenye konkur, ule mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu ambao familia nyingi za Iran huupangia miaka, na wengi wako mbali na nyumbani kwa mara ya kwanza.

Lakini hapo ndipo penye tahadhari kubwa kwako mzazi. Dodoso lililothibitishwa kwa wanafunzi wa chuo kikuu limethibitishwa kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Halijathibitishwa kwa mtoto wa miaka 12, wala kwa mkulima asiyejua kusoma, wala kwa mgonjwa aliyelazwa wodini. Likipelekwa kwao, linapaswa kujaribiwa upya.

Kwa Kiswahili tuna mfano unaofanana. Dodoso la PHQ-9, lenye maswali tisa ya kupima sonona, lilitafsiriwa na kujaribiwa Kenya, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Lilijaribiwa kwa nani? Kwa wagonjwa wa saratani za kichwa na shingo. Ni kazi ya maana, lakini huwezi kuichukua ukasema moja kwa moja kwamba inatosha kwa wanafunzi wa kidato cha pili.

Kiswahili nacho kina mitego

Usidhani narahat ni shida ya Waajemi peke yao. Neno letu uchungu ni mtego huo huo. Ukimuuliza mama kliniki, "Una uchungu?" anaweza kudhani unaulizia maumivu, au uzazi, au huzuni, au kinyongo alichonacho kwa mume wake. Majibu manne tofauti, neno moja.

Chukua tena neno mawazo. Sentensi inayokusudia kuuliza kama fikra za ugomvi humrudia mtu ikiandikwa "Huwa na mawazo baada ya kugombana", wengi wataelewa kuwa na wasiwasi, maana kwetu mtu "mwenye mawazo" ni mtu mwenye shida. Utadhani umepima kucheua hasira, kumbe umepima dhiki za maisha.

Hata namba za majibu zina utata. Tofauti ya "mara kwa mara" na "mara nyingi" ni ipi? Waulize watu watano nyumbani kwako leo uone. Kama wakubwa hawakubaliani, mtoto atazungusha duara popote.

Karatasi nyingi zinazosambazwa kwenye simu kwa jina la "jipime hasira zako" hazijaonyesha kupita hata hatua moja kati ya hizi. Mtu amechukua maswali ya Kiingereza, ameyapitisha kwenye programu ya kutafsiri, ameweka na kiwango chake cha "hatari". Usimhukumu mtoto wala usijihukumu mwenyewe kwa karatasi kama hiyo.

Maswali matano ya kuuliza

Ukipewa dodoso, wewe au mwanao, uliza kwa upole lakini uliza.

Kwanza, dodoso hili linaitwaje, na linapima nini hasa? Kulipuka, kuwa na hasira upesi na kucheua hasira ni mambo matatu tofauti.

Pili, toleo hili la Kiswahili limejaribiwa wapi na kwa watu gani? Kama halijajaribiwa, bado linaweza kutumika kuanzisha mazungumzo, lakini namba yake isipewe uzito.

Tatu, linafaa kwa umri wa mtoto wangu?

Nne, alilijaza akiwa na nani? Kijana aliyejaza mbele ya mwalimu aliyemchapa jana hakuwa huru kusema ukweli.

Tano, baada ya alama hizi, nini kinafuata? Dodoso lisilofuatiwa na mazungumzo na mtaalamu halina faida kwa mtoto.

Sasa rudi kwenye ile 58. Sentensi ni 19 na alama ya juu ni 76, kwa hiyo ni alama ya upande wa juu. Lakini dodoso hili halikutungwa kutoa hukumu ya "mgonjwa" na "mzima". 58 inatuambia tu kwamba kijana huyu amesema kuna kitu kinamrudia rudia kichwani. Kitu gani? Hilo namba haisemi. Linatakiwa kuulizwa.

Utamsaidiaje nyumbani?

Muulize akiwa ametulia, mkiwa wawili, labda mnapotembea au mnapoosha vyombo. Usianze na "Kwa nini una hasira?" Anza na "Kuna jambo linakurudia rudia kichwani siku hizi?" Akianza kusema, usimkatize, na usimwambie "hilo ni dogo, lisahau". Lingekuwa dogo asingelicheua.

Akimaliza, msaidie kuligawa: lipi linaweza kutatuliwa, kwa mfano kuzungumza na mwalimu, na lipi limekwisha pita. Kwa lililopita, kitu cha kushughulisha mwili na akili husaidia kuliko kukaa chumbani peke yake: mpira, kupika, kazi ya mikono. Ibada na kusamehe huwasaidia wengi, lakini usimlazimishe kijana kusamehe kabla hajasikilizwa. Usingizi nao ni dawa. Mtoto asiyelala hukasirika upesi.

Kumbuka pia kwamba kwa watoto na vijana, sonona mara nyingi huja kwa sura ya hasira na kukereka badala ya machozi. Hasira mpya inaweza pia kuwa dalili ya kuonewa shuleni, ya ukatili wa kingono ambao mtoto hajathubutu kuusema, ya matumizi ya dawa za kulevya, au ya ugonjwa wa mwili kama wa tezi ya shingo. Ndiyo maana hasira iliyobadilisha tabia ya mtoto kwa zaidi ya wiki mbili inahitaji kuonwa na daktari.

Usisubiri hata siku moja ukiona haya: anazungumzia kufa au kujiua, ana alama za kujikata, anapanga kumdhuru mtu, anabeba silaha, au hasira zake zimeanza ghafla baada ya kuumia kichwa au kupata degedege. Mpeleke hospitali, na usimwache peke yake. Kama mtoto anafanyiwa ukatili, Tanzania na Kenya zote zina namba 116 ya kusaidia watoto, na kupiga ni bure.

Nawe msomaji mtu mzima, hasa uliye kwenye dawa za presha, jiulize swali lile lile. Ni ugomvi gani wa mwaka jana ambao bado unalala nao? Umweleze daktari wako utakapokwenda kliniki, kama unavyomweleza kuhusu chumvi na dawa ulizoruka. Hilo nalo ni sehemu ya historia ya ugonjwa wako, na yeye hawezi kulijua usipolisema.